Kutoka Kitengo cha Mama na Mtoto hadi Wizarani: Habari Mbaya Zilizonifundisha Uongozi

Nilipoanza kazi ya udaktari mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari mwanamke aliyeonyesha hamu ya kuingia katika uongozi wa afya alielekezwa karibu kila mara kwenye mlango mmoja, nao ulikuwa kitengo cha afya ya mama na mtoto. Upasuaji, magonjwa ya mlipuko, mipango na fedha vilihesabiwa kuwa kazi nzito, na kazi nzito zilikuwa za wanaume. Sisi tulipewa mizani ya kupimia watoto, kadi za kliniki na ratiba ya chanjo, tukaambiwa kwa upole kwamba hapo ndipo tutakapofaa zaidi. Leo, baada ya kupita wilayani, mkoani na wizarani hadi kustaafu, naona kwamba waliotupeleka huko hawakujua walichokuwa wakitukabidhi. Hakuna kipimo kinachofichua udhaifu wa mfumo mzima wa afya, kuanzia barabara hadi upatikanaji wa damu salama, kama kifo cha mama anayejifungua na kifo cha mtoto wake, na vifo hivyo vilikuwa vimeandikwa kwenye vitabu vyetu, si vyao.

Njia ilikwisha kufunguliwa na waliotutangulia. Dk. Josephine Namboze wa Uganda alihitimu Makerere mwaka 1959 akiwa daktari wa kwanza mwanamke katika Afrika Mashariki, kisha akaichagua afya ya jamii kuwa fani yake. Hapa nyumbani, Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania, alisomea Moscow, akawa bingwa wa magonjwa ya watoto, na mwaka 1987 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA. Chama hicho kilitupa mahali pa kuulizana mambo ambayo hayakuulizika katika kikao cha asubuhi cha hospitali: namna ya kupokea uhamisho wa kwenda wilaya ya mbali ukiwa na mtoto anayenyonya, au namna ya kumjibu mkubwa wa kazi anayekuondoa kwenye mafunzo kwa hoja kwamba una ujauzito.

Kliniki na wodini, akina mama wengi walinidhania kuwa muuguzi na kuniuliza daktari atafika saa ngapi. Nilijitambulisha, lakini ule wepesi wa kuzungumza na mwanamke mwenzao haukuondoka, na kupitia wepesi huo nikaambiwa mambo ambayo wenzangu wa kiume hawakuambiwa. Mama mmoja alieleza kwamba dawa alizoandikiwa aligawana na mama mkwe wake. Mwingine alisema mume wake amekataza uzazi wa mpango, na vidonge anavificha chini ya mahindi. Walikuwapo waliosema wazi kwamba walijifungulia nyumbani si kwa sababu walimpenda zaidi mkunga wa jadi, bali kwa sababu kituoni walitakiwa waje na glovu, wembe na mafuta ya taa, na hawakuwa na hata kimoja. Katika vitabu vya takwimu mama huyo alihesabiwa kuwa "hakufuata ushauri". Nilianza kuelewa, nikiwa bado daktari mdogo kabisa, kwamba kati ya yale yanayotokea na yale yanayoandikwa kuna nafasi kubwa, na kwamba nafasi hiyo ndiyo inayoua.

Halafu nikapandishwa cheo. Nilipofanywa Mganga Mkuu wa Wilaya, habari za namna hiyo zilikoma kunifikia karibu mara moja. Gari la wilaya lilipoonekana barabarani, zahanati ilifagiliwa, vitabu vilipangwa mezani na watumishi walisimama mlangoni kunipokea kwa "shikamoo mama". Kila nilichouliza kilijibiwa kwamba kipo na kinaendelea vizuri. Sidhani kama watu wanaoingia kwenye uongozi huonywa vya kutosha juu ya jambo hili: cheo hukuongezea madaraka ya kurekebisha mambo, na wakati huohuo hukupunguzia uwezo wa kuyajua.

Nililiona kwa macho yangu kwenye karatasi ya joto la jokofu. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na muuguzi huandika joto hilo asubuhi na jioni, kila siku ya mwezi. Zahanati zetu hazikuwa na umeme. Majokofu yalitumia mafuta ya taa, na hiyo ilikuwa miaka ambayo mafuta ya taa yalikuwa yakitafutwa kama dawa. Katika zahanati moja nilikuta karatasi iliyoandikwa tano, tano, tano, tangu tarehe mosi hadi siku ile niliyofika, ilhali utambi ulikuwa mkavu na chombo cha mafuta kitupu. Msaidizi wangu alitaka muuguzi yule apewe barua ya kujieleza hapohapo. Nilimwomba atupishe, nikaketi na muuguzi, nikamwuliza tangu lini mafuta yameisha. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, na akaongeza kwamba mwenzake wa zahanati jirani aliwahi kuandika joto la kweli, nyuzi 14, na kilichofuata hakikuwa mafuta, bali barua. Yeye alikuwa amejifunza kutokana na barua hiyo, kama mtu yeyote mwenye akili angejifunza.

Uongo wa karatasi ya joto hauishii kwenye karatasi. Chanjo ya surua na ya polio huharibiwa na joto. Ya pepopunda na ya dondakoo huharibiwa zaidi na kuganda. Mtoto aliyechomwa chanjo iliyokufa huhesabiwa kuwa amekingwa, mama yake huamini hivyo, wilaya hutuma ripoti hivyo, na surua ikija humkuta wazi kabisa. Mbaya zaidi, mlipuko ukitokea mahali ambapo takwimu zinasema watoto wamechanjwa, watu huacha kuiamini chanjo yenyewe. Tulibadilisha kwanza jambo moja dogo la utaratibu: swali la kwanza katika ziara ya usimamizi likawa "nini kimekushinda mwezi huu?", na kila aliyetaja tatizo la jokofu alitakiwa kupata jibu kutoka wilayani kabla ya ziara inayofuata, hata kama jibu lenyewe ni kwamba chanjo zihamishiwe kituo cha jirani kwa muda. Miezi ya mwanzo ripoti zetu zilikuwa mbaya kuliko za wilaya zote za mkoa. Mkoani niliulizwa mbele ya kikao kama wilaya imenishinda, na mmoja akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba labda mama mwenye watoto wadogo amepewa mzigo mkubwa mno. Nilijibu kwamba majokofu yalikuwa mabovu hata mwaka uliopita. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua yapi na wapi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na katika kazi yetu kilio hicho huwa cha mtu mwingine, si cha yule aliyeficha.

Somo hilo nililibeba wizarani, na huko nililikuta katika sura nyingine, ya asilimia. Kiwango cha chanjo hupatikana kwa kugawanya idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto waliopo, na idadi ya waliopo hutokana na makadirio ya sensa. Tanzania ilihesabu watu mwaka 1988, ikapata milioni 23.1, kisha haikuhesabu tena hadi mwaka 2002, ikapata milioni 34.4. Katika miaka hiyo 14 wilaya zilipanga kazi kwa makadirio yaliyozidi kuwa mbali na hali halisi. Wilaya iliyopokea wachimbaji wa madini au wavuvi wengi ilichanja watoto kuliko ilivyodhaniwa kuwa nao, ikatoa ripoti ya asilimia zaidi ya 100, ikapongezwa. Wilaya iliyohamwa na watu ilionekana imezembea, ikakaripiwa. Na ndani ya ile iliyopongezwa walikuwamo watoto wa makambi ya uvuvi na wa wafugaji wanaohama ambao hawakuwahi kupata hata dozi moja, kwa kuwa hakuna anayetafuta aliyesalia mahali ambapo hesabu inasema wote wamefikiwa na ziada.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kuchosha katika vikao vya tathmini. Kila ilipoletwa orodha ya wilaya bora niliuliza swali moja kuhusu kigawanyo, yaani ile idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwapo, na najua wapo waliokuwa wakikunja uso kabla sijamaliza. Walionipa nguvu ya hoja ni watu wa mradi uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia mwaka 1997, ambao ulitumia takwimu zilizokusanywa nyumba kwa nyumba badala ya kutegemea wale waliofika hospitalini tu. Mtoto anayefia nyumbani haonekani kwenye kitabu cha wodi, lakini aliyeingia kwenye ile nyumba na kuuliza alimwona. Takwimu hizo zilipowekwa kando ya bajeti, timu za wilaya ziligundua kwamba malaria na magonjwa ya watoto yaliyokuwa yakiongoza kwa kuua yalikuwa yanapata sehemu ndogo mno ya fedha. Fedha zikahamishwa zifuate maradhi, nyongeza ikiwa ndogo tu, na katika miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sijaona katika maisha yangu ya kazi ushahidi mzuri kuliko huo kwamba ukweli, ukipewa watu wenye mamlaka ya kuutumia, ni tiba.

Kuhusu kuwa mwanamke pekee mezani sitasema mengi, maana limesemwa sana. Jambo moja tu ningependa wadogo zangu walijue. Kulikuwa na matarajio kwamba mwanamke katika uongozi atakuwa mpole, na upole ulimaanisha kutowaaibisha wakubwa kwa takwimu mbaya. Wakati wa kipindupindu matarajio hayo yalikuwa mazito zaidi. Nchi yetu imeujua ugonjwa huo kwa kiwango kikubwa tangu miaka ya 1970, na bado kila unapoingia mahali wapo wanaotaka uitwe kuhara kwa wiki mbili tatu zaidi, kwa hofu ya biashara ya samaki, ya minada na ya watalii. Wiki hizo mbili tatu ni muda wa ugonjwa kufuata mto hadi wilaya nyingine. Niliwahi kuambiwa na kiongozi mmoja wa eneo lililokuwa na wagonjwa kwamba mama hawezi kuwa na haraka ya kutangaza msiba. Nilimwambia, kwa heshima aliyostahili kwa umri wake, kwamba mama ndiye hasa anayekuwa na haraka, kwa sababu anajua mtoto anayeharisha hukauka kwa saa, si kwa wiki. Tangazo lilitoka siku iliyofuata, na klorini ilianza kugawiwa.

Lakini kazi niliyoipenda kupita zote, na iliyonigharimu usingizi kupita zote, ni mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi. Kila mama anapofariki kwa ujauzito au kujifungua, wahusika huketi na kufuatilia safari yake tangu dalili ya kwanza. Tulikuwa na namna ya kuzigawa sababu kwa aina tatu za kuchelewa: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilichokiona katika vikao vya mwanzo ni kwamba karibu kila kifo kiliangukia aina ya kwanza. Mama alichelewa. Familia ilichelewa. Mume hakuwepo. Marehemu hawezi kujitetea, na ndugu zake hawaketi kwenye kikao.

Basi tukaomba mambo mawili, na yalichukua muda kukubalika. La kwanza ni kwamba kikao kisiwe cha nidhamu. Majina ya watumishi yasiandikwe, na kinachosemwa humo kisitumike kumfukuza mtu kazi. La pili ni kwamba aanze kusema yule wa cheo cha chini kabisa aliyekuwepo usiku ule, kabla daktari hajasema. Katika kikao kimoja cha namna hiyo mhudumu wa wodi, mwanamke wa makamo, alieleza kwamba mama yule aliyesemekana kufika akiwa mahututi alifika akitembea, saa mbili usiku, akakaa kwenye benchi hadi alfajiri kwa sababu ufunguo wa chumba cha upasuaji ulikuwa kwa mtu aliyekwenda msibani. Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyefukuzwa, na wiki ileile funguo zikawekwa pawili. Jambo hilo halikuhitaji mfadhili wala mkakati wa miaka mitano. Lilihitaji mhudumu wa wodi aruhusiwe kusema. Mwaka 2015 mwongozo wa taifa wa ufuatiliaji na mapitio ya vifo vya uzazi na vya watoto wachanga ulitoka, nami niliusoma nikifikiria benchi lile.

Mapitio hayo pia yalitufundisha kuwaheshimu watu ambao mabingwa wengine waliwadharau. Kuanzia mwaka 1963 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi kwa miaka mingi, na hao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya, mahali ambapo bingwa alifika mara moja kwa mwaka au hakufika kabisa. Nimesikia wakiitwa suluhisho la muda. Mama aliyeokolewa na upasuaji wao usiku wa manane, maili nyingi kutoka lami, asingeliita hivyo.

Katika miaka yangu ya mwisho serikalini ilikuja chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014 na kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwanza kwa wasichana wa miaka 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi ulitangulia chanjo yenyewe. Baadhi ya wenzangu waliuona uvumi huo kuwa ujinga wa kupigwa vita kwa vipaza sauti. Mimi niliuona kuwa habari mbaya nyingine inayojaribu kupanda ngazi, na nikaomba tuketi kwanza na akina mama bila karatasi za kujaza. Kilichojitokeza ni kwamba wengi wao hawakuogopa sindano. Waliogopa kwa sababu watoto wao wa kike pekee ndio waliochaguliwa, hakuna aliyewaeleza kwa nini wavulana hawamo, na barua ya shule ilikuja siku moja kabla. Mama mmoja aliniuliza kama mjukuu wangu atachanjwa. Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba mama yangu mdogo alifariki kwa saratani hiyohiyo, nami nikiwa daktari tayari, kwa sababu iligunduliwa wakati hakuna tena la kufanya. Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo ya watu wazima wanaohofia kitu kimoja. Tangu mwaka 2024 dozi imekuwa moja badala ya mbili, na hilo limerahisisha kazi kuliko kampeni yoyote ya matangazo.

Sasa nafuatilia takwimu nikiwa nje ya ofisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Nilifurahi hadi machozi, kwa kuwa najua kilicholala nyuma ya namba hiyo: vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji, na madereva wa kijamii wanaoitwa kwa namba 115 kumchukua mama kijijini. Hata hivyo tabia ya miaka mingi haikuniacha. Kipimo hicho hupatikana kwa kuwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki katika miaka saba iliyotangulia, na makosa yake ya kitakwimu ni mapana. Mwelekeo naupokea kwa moyo wote, lakini ningependa watu wetu wasome namba hiyo pamoja na vitabu vya wodi kabla hawajaanza kuandaa pongezi.

Palipo na kazi kubwa zaidi ni kwa watoto wachanga. Kati ya tafiti hizohizo mbili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, ilhali vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 hadi 24 tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza sasa wanapotea kabla hawajamaliza mwezi: waliozaliwa njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliopata maambukizi. Wanahitaji oksijeni isiyokatika, mama aliyefundishwa kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, na muuguzi ambaye hahamishwi kwenda wodi nyingine mara tu anapoizoea kazi hiyo ngumu.

Na wanahitaji kuhesabiwa kwa haki. Mtoto aliyevuta pumzi dakika chache kisha akafariki mara nyingine huandikwa kwamba alizaliwa mfu, kwa sababu kuzaliwa mfu huonekana kuwa jambo la Mungu na kifo cha mtoto mchanga huonekana kuwa jambo la waliokuwa zamu. Kwa hiyo siku hizi, nikialikwa hospitalini kutoa ushauri, naomba kitabu cha waliozaliwa wafu kiwekwe kando ya kitabu cha vifo vya watoto wachanga na vyote viwili visomwe pamoja. Hospitali kadhaa zimeukubali utaratibu huo na zinaufanya kila mwisho wa mwezi, na msomaji ni mkunga wa zamu, si daktari mfawidhi.